Mwaka Tuliolala Darasani

Tulipokwisha kumzika Nailepo kule Tengeru, mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwangu ni kijana, alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu alifika kwetu akiwa mtoto asiye na makao, na Kanisa likamfungulia mlango. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikohoa. Kwa umri wangu kikohozi hakimshangazi mtu, ila wajukuu wa Nailepo waligeuka kunitazama, maana bibi yao alikuwa amewasimulia. Baadaye tulikaa uani na mabakuli ya loshoro, mahindi na ndizi katika maziwa ya mgando, chakula ambacho marehemu alikipenda kuliko nyama. Yule mzee wa kanisa akanijia, akainama, "Shikamoo mzee Filipo." Nikamwitikia. "Wewe ndiye uliyebaki katika wale wa mwanzo," akasema. "Tuandikie kidogo jinsi Kanisa lilivyompokea dada yetu. Tutayasoma siku ya kumwekea msalaba." Nikamwambia nitaandika, lakini hatayapenda. Akacheka, akidhani ninamtania.

Haya, nimeandika. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na nani alikuwa na ng'ombe wangapi, hazihusiki hapa na sitaziweka. Nianze na lile neno la kaburini, kwa kuwa ni uongo uliosemwa kwa nia njema, na uongo wa namna hiyo ndio unaodumu. Mlango haukufunguliwa. Aliyeushika mlango siku ile nilikuwa mimi, na niliufunga. Uliofunguliwa baadaye ulifunguliwa na watu wachache waliokatazwa kuufungua, na wakaadhibiwa kwa hilo. Akitaka kuyasoma hayo mbele ya msalaba, na ayasome. Asipotaka, wajukuu wana macho.

Ulikuwa ule mwaka Makaburu walipofika na magari yao marefu ya kukokotwa na ng'ombe, na Wadachi wa boma, yaani serikali ya Wajerumani, wakawakatia ardhi chini ya mlima Meru na upande wa Momela, ardhi ambayo haikuwa yao kukata. Nilikuwa nimetoka jandoni, na baada ya hapo nikabatizwa, nikawa mmoja wa vijana sita waliokuwa wakifundishwa ualimu katika misheni iliyokuwa mlimani, juu ya Arusha. Bweni letu tulilijenga wenyewe. Tulikata miti, tukakanda udongo kwa miguu, tukaezeka kwa majani makavu ya migomba. Ndani mlikuwa na vitanda sita vya fito vyenye ngozi juu yake, na ubao mmoja ukutani wa kuwekea vitabu na vibuyu. Palikuwa na harufu ya moshi, ya maziwa, na ya sabuni ya Kidachi ambayo mke wa mchungaji alitugawia ili tuoge kabla ya ibada. Asubuhi tulikula uji, mchana makande, Jumapili nyama. Nilijiona nimefika. Kijana aliyejua kusoma, mwenye kanzu moja nyeupe na kitanda kisichoguswa na mbuzi, alikuwa na kila sababu ya kujidanganya kwamba Mungu amempenda kuliko wengine.

Mchungaji wetu tulimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya, na sitamchora hivyo ili nionekane mwema. Alikuwa mwoga wa boma, na woga wake aliuita hekima. Darasa letu lilikuwa limeshikamana na chumba chake cha chakula, katikati ukuta wa mbao tu, hivyo kila alasiri tulipofagia tuliwasikia yeye na mkewe wakinywa kahawa. Kidachi tulikuwa tumekijua kiasi cha kufuata. Tuliwasikia wakizungumza habari za mvua, za kuku, za mtoto wao aliyezikwa pwani. Tukajua mambo mengi ambayo wanafunzi hawapaswi kuyajua, na tulipokutana nao nje tulisalimia kama watu wasiojua kitu.

Kazi yangu siku za Jumapili ilikuwa kusimama mlangoni pa kanisa. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa mkali. Mikuki ilibaki nje, waliojipaka mafuta na udongo mwekundu walikaa nje, na wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia Bwana Miwani alikuwa amehubiri kwa hasira juu ya watu wanaotegemea majani na nyasi badala ya damu ya Mwokozi. Nililipokea lile neno kwa furaha. Kwetu sisi Waarusha, kama kwa ndugu zetu Wamasai, anayekujia ameshika nyasi mbichi mkononi amejiweka mikononi mwako. Nyasi ni za Engai, yaani Mungu, ndizo zinazolisha ng'ombe, na anayezishika amesema yote: sina ugomvi, sina nguvu, naomba. Hapigwi, wala harudishwi. Hata baba akiinua fimbo, mtoto akiwahi kung'oa nyasi, fimbo inashuka. Nililijua hilo tangu sijajua kuhesabu. Nalo ndilo lililonifanya nitake kuonyesha kwamba nimeshalisahau.

Siku ile mawingu yalikuwa yameuficha mlima wote. Wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha walipotokea watu wanapanda kutoka mferejini, chini ya kanisa: mwanamume mrefu aliyeitwa Lemunge, mkewe Naishoki mwenye mtoto mgongoni, mama yake Lemunge, bibi kizee aliyekokotwa zaidi kuliko alivyotembea, na binti yao wa kama miaka tisa aliyebeba kibuyu kitupu. Huyo ndiye Nailepo. Walikuwa wametoka Momela kwa miguu. Kaburu aliyepewa sehemu yao alikuwa amewaambia wabaki wawe vibarua wake au waondoke. Lemunge alikataa yote mawili, na nyumba yake ikachomwa. Hayo niliyajua baadaye. Pale mlangoni niliona kitu kimoja tu: Lemunge na mkewe walikuwa wameshika nyasi mbichi kwa mikono miwili.

"Tupa hizo nyasi, ndipo uingie," nikamwambia.

"Nikizitupa, nitakuja kwako na nini?"

"Njoo na moyo wako," nikasema, kwa sauti ya kutosha ili wale wa mabenchi ya nyuma wasikie jinsi ninavyojua kujibu.

Akanitazama, kisha akatazama mikono yake. "Moyo uliungua pamoja na nyumba," akasema. "Hizi ndizo zilizobaki."

Nikanyoosha mkono kuonyesha njia ya mferejini. Hakubishana. Waligeuka wakashuka, na bibi kizee akaketi chini ya ngozi aliyojifunika kichwani, na mvua ikaanza. Niliufunga mlango kwa sababu maji yalikuwa yakiingia. Ndani Bwana Miwani alikuwa akihubiri juu ya siku ya mwisho, jinsi watu watakavyotengwa kama kondoo na mbuzi, na jinsi waliomkaribisha mgeni watakavyojua siku ile walimkaribisha nani. Simeoni, Mmeru mwenye maneno ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, akaninong'oneza, "Lakini mbuzi wamekosa nini? Kwetu wanalishwa pamoja." Nikamkanyaga mguu anyamaze. Ninaomba msomaji alione jambo hili kama lilivyokuwa: nilimnyamazisha mtu kwa mzaha, ili nisikilize mahubiri ya kukaribisha wageni, na mgongo wangu umeegemea mlango niliowafungia.

Aliyewaona baada ya ibada ni mpishi wetu, mjane tuliyemwita Yeyo, yaani mama. Yeye alikuwa bado katika mafundisho ya ubatizo, na kila mara alishindwa kukariri kwa sababu aliuliza maswali katikati. Alishuka mferejini na sufuria ya uji, akapanda peke yake, akaja moja kwa moja kwangu mbele ya wenzangu.

"Ni nani aliyemwambia mtu atupe nyasi?"

"Mimi, Yeyo. Bwana alikataza."

"Bwana alizaliwa ng'ambo. Wewe ulizaliwa wapi?"

 Akanipa sufuria niishike, akashuka tena, na mbele ya macho yetu akazipokea zile nyasi kutoka mikononi mwa Lemunge, akazichomeka kwenye kilemba chake, akawapandisha hadi jikoni kwake. Aliyezipokea amekubali, hakuna neno la kuongeza. Vijana walicheka kuona nyasi kichwani pa mwanafunzi wa ubatizo. Mimi nilibaki nimeshika sufuria iliyokwishakombwa.

Bwana Miwani aliwatazama wale wageni kwa huruma ya kweli. Alimpa bibi kizee, ambaye watoto walimwita Koko, yaani bibi, dawa ya kifua na blanketi la sufu. Akasema wanaweza kukaa jikoni hadi mvua ipungue. Alasiri ile, nikifagia darasa, nilimsikia mkewe akimwuliza upande wa pili wa ukuta wa mbao, "Na mvua ikipungua waende wapi?" Kijiko kikazunguka kikombeni muda mrefu. "Uwanja huu tulipewa kwa ajili ya misheni," akajibu. "Wanaokaa ndani yake ni waliobatizwa na wanaojifunza. Nikipokea nyumba moja leo, kesho nusu ya Momela iko hapa, na boma watasema ninawaficha vibarua wa walowezi." Mkewe akasema, "Watasema kweli?" Akamjibu, "Hilo silo swali." Nimelisikia neno hilo tena mara nyingi maishani, katika lugha nyingi. Nimelisikia hata katika uzee wangu huu, watu wa upande wa kaskazini wa mlima walipoondolewa tena na mali zao kutupwa nje, na sisi wazee wa usharika tukaketi mezani kujadili kama yafaa kuwapa jengo letu wakati tunasubiri serikali iseme. Nilisimama pale nikawaambia kwamba nilikuwa nikisubiri serikali iseme tangu enzi za Wadachi, na kwamba kila iliposema, ilisema "ondokeni". Wengine walinikasirikia. Wakasirike.

Mvua ilipopungua, Bwana Miwani aliniita akaniambia niwapeleke Kisongo. "Kule kuna nafasi," akasema. Kisongo nafasi ipo, ni kweli, nafasi ya vumbi na miiba, na asiye na ng'ombe kule hana wa kumpa maji. Lakini nilikwenda jikoni kutimiza nilichotumwa. Koko alikuwa amelala kando ya mafiga. Lemunge aliponiona alianza kufunga mzigo kabla sijafungua kinywa.

"Wewe wa mlangoni," akasema bila kunitazama. "Leo unatufungia nini?"

"Bwana amesema niwafikishe Kisongo."

Nailepo akainua uso kutoka kwenye kibuyu alichokuwa akikisugua. "Kisongo ni kwa nani?" akauliza.

Hilo tu. Kwetu mtu haendi mahali. Huenda kwa mtu. Alikuwa anataka kujua jina la mwenyeji wake, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anavyouliza njiani. Nilitafuta jina. Nilipekua kichwani mwangu watu wote wa Kisongo niliowajua, na hakukuwa na hata mmoja niliyekuwa nimemwomba. Yeyo alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akiningoja. Ndipo nikasema, na sauti yangu haikuwa ya ushujaa, ilikuwa ya mtu aliyebanwa kwenye kona, "Ngojeni hapo."

Nilikwenda bwenini nikawaambia wenzangu wanne wabishi na Simeoni kwamba nataka bweni letu. "Tulilijenga sisi," nikasema. "Sisi tutalala darasani." Mmoja akauliza kama nimepewa ruhusa. Nikasema sijapewa. Mwingine akasema hiyo ni dhambi ya kutotii. Simeoni alikuwa ameshaanza kukunja ngozi yake. "Kama ni dhambi," akasema, "tuifanye wengi, ili kila mmoja apate kidogo." Tukacheka, na baada ya kucheka ilikuwa vigumu kukataa. Jua lilikuwa bado juu tulipombeba Koko kwenye blanketi lake, kupita mbele ya ofisi ya Bwana Miwani, tukamlaza kwenye kitanda changu. Alikipapasa kile kitanda cha fito, akasema, "Kinanichoma mbavu. Nanyi mnalala hapa kwa hiari?"

Kesho yake Bwana Miwani aliingia darasani akakuta tunakunja ngozi chini ya ubao wa kuandikia.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Hakuna, Bwana," nikasema.

"Mimi nilikwambia Kisongo."

"Nilishindwa kupata mtu wa Kisongo, Bwana. Na bweni ulituambia ni letu, tulifagie wenyewe, tuliezeke wenyewe. Tumewapa wageni kilicho chetu. Chako hatujagusa."

"Darasa ni la nani?"

"Darasa ni lako," akasema Simeoni. "Na sisi pia ni wako. Tumeona vitu vyako vikae pamoja."

Alivua miwani akaifuta. Alituondolea nyama ya Jumapili, akaniondoa mlangoni pa kanisa, akaandika hesabu ubaoni. Hakututoa darasani, wala hakuwatoa wao bwenini. Nadhani alingoja mtu mwingine afanye uamuzi kwa niaba yake, nasi tukaishi katika kule kungoja kwake miezi yote iliyobaki ya mwaka ule. Sakafu ya darasa ilikuwa ya udongo na ilitoa baridi ya mlima hadi mifupani. Tuliamka na chaki kwenye nywele. Lakini bwenini palikuwa na moto wa familia. Lemunge alichimba mfereji mdogo, akapanda maharage na viazi nyuma ya jiko. Naishoki alisafisha vibuyu vyetu kwa kijinga cha moto cha mti wa mzeituni, na maziwa yakawa na ile ladha ya moshi ambayo tangu tuanze shule tulijifanya hatuikumbuki. Nailepo alikaa nyuma darasani, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza, akajua herufi kabla ya wawili kati yetu. Koko alituita "wachungaji wangu wasio na mbuzi". Sijawahi kula vizuri kama mwaka ule nilionyimwa nyama.

Kaburu alikuja wakati wa kiangazi, saa za asubuhi, juu ya farasi, na askari mmoja wa boma nyuma yake kwa miguu. Askari alikuwa mtu wa bara ya mbali aliyezoea pwani, Kiswahili chake kizuri kuliko cha sisi sote, na jasho lilikuwa limemlowesha. Lemunge alikuwa shambani kwake, jembe mkononi.

"Huyu mtu yangu," Kaburu akasema, akimnyooshea kiboko. "Yeye kaa shamba yangu, yeye fanya kazi yangu. Yeye kimbia."

"Haya baba, twende," askari akamwambia Lemunge. "Mimi nimetumwa tu. Na usinikimbize, mlima wenu huu umeniua magoti."

Lemunge hakusogea. Akaniambia nimtafsirie, nikatafsiri. "Mwambie shamba si lake, mimi ndiye niliyekuwa nalo. Alipofika na ng'ombe wake ndimi zimetoka nje, alikuwa mgeni. Nilimwonyesha maji. Nilimpa mahali pa kulaza watoto wake. Asubuhi akaniambia mimi ndiye mgeni."

Kaburu alimsikia, na uso wake ukawa mwekundu, nikajua kwamba ni kweli tupu. Akateremka kwenye farasi. Wakati huo Yeyo alikuwa ametoka jikoni. Alitazama mara moja tu, kisha akainama kando ya njia, akang'oa nyasi. Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la kahawa la misheni, wengi wao wamebatizwa, waliacha majembe wakafanya vilevile. Simeoni akang'oa, na wenzetu wakang'oa. Nami nikang'oa. Nakumbuka udongo uliokuja na mizizi, na jinsi nilivyoukung'uta kwa uangalifu wa kipumbavu, kama mtu anayejiandaa kwa mgeni. Tukasimama baina ya Lemunge na farasi, mikono mbele.

"Hawa wana nini?" askari akaniuliza pembeni. "Watanirushia?"

"Hapana. Wanaomba."

"Basi waombe haraka," akasema, akaketi juu ya jiwe.

Bwana Miwani alitoka ofisini. Aliliona kundi lake lote, waliobatizwa na wanaojifunza, wameshika kile alichokihubiri kuwa upagani. Akaja hadi mbele yangu.

"Filipo. Hizo ni nini?"

"Ni maombi, Bwana."

"Mnamwomba nani? Huyu?" Akaonyesha Kaburu kwa kidevu.

"Tunakuomba wewe."

Nikazinyoosha kwake. Sijui hata leo kama alijua alichokuwa akifanya. Alikaa nasi miaka mingi. Sidhani kama hakujua. Alizitazama, midomo yake ikasogea, na akazipokea. Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Kisha akamgeukia Kaburu akasema kwa Kidachi, polepole, kwamba watu hawa ni wageni wa wanafunzi wake, kwamba mtu haondolewi katika uwanja wa misheni bila amri ya mkuu wa boma mwenyewe, na kwamba kahawa iko tayari kama bwana atapenda kunywa. Kaburu hakunywa. Askari alikunywa, vikombe viwili, mlangoni pa jikoni, akamsifu Yeyo kwa sukari. Kama Kaburu alikwenda bomani kuishitaki misheni sikujua, lakini amri haikuja. Lemunge alirudi kupalilia, na siku ile ndiyo aliyoacha kuniita wa mlangoni.

Ningependa kuishia hapa, na ndipo wale wa kaburini wangependa niishie. Lakini habari zilimfikia mkuu wa Bwana Miwani katika misheni, ambaye alikuja kukagua, akasikia kwamba usharika mzima ulifanya tambiko hadharani. Akaagiza kwamba Lemunge na watu wake wapewe kipande chini ya mfereji, kwa kuwa wameshazoeleka, kwa hilo namshukuru. Na akaagiza kwamba kila aliyebatizwa aliyeshika nyasi asimame mbele ya kanisa, atubu, arudi kundini. Asiyetubu atatengwa, na kama ni mwanafunzi wa ualimu, hatakuwa mwalimu. Alasiri ile, nyuma ya ukuta wa mbao, nilimsikia mke wa Bwana Miwani akisema, "Na wewe ulizipokea. Utatubu kwa nani?" Kijiko hakikuzunguka. 

Jumapili iliyofuata walisimama mmoja mmoja. Siwalaumu, wengine walikuwa na watoto wa kubatizwa. Yeyo, ambaye hakulazimika kwa kuwa bado alikuwa anajifunza, alisimama hata hivyo akasema kwa sauti kubwa, "Nimetubu nyasi. Watu sikuwatubu," akakaa, na kanisa likacheka hadi kengele ikapigwa. Simeoni alitubu akiwa na uso mzito kiasi kwamba nilijua anajizuia kucheka. Kisha zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimefundishwa maneno ya kusema. Nilikwenda mbele nikageukia watu.

"Nina dhambi," nikasema. "Masika yaliyopita alikuja mtu mlangoni pale na nyasi mkononi, na mama yake mgonjwa, na watoto. Nikamwambia atupe. Nikamfungia mlango mvua ikinyesha. Hiyo ndiyo dhambi yangu, naungama mbele ya Mungu na mbele yenu."

Bwana Miwani akasema taratibu, "Filipo, silo hilo unaloulizwa."

"Ndilo nililo nalo, Bwana."

"Na siku ile ya shamba?"

"Siku ile sikutenda dhambi."

Aliniuliza mara ya pili, na nilisikia katika sauti yake kwamba alikuwa akinisihi. Yule mkuu alikuwa ameketi karibu na madhabahu, mikono magotini. Ningeweza kusema neno moja nikapata kanzu, darasa, mshahara na jina la mwalimu. Nina mengi ninayoyajutia, na yale ya mlangoni naenda nayo kaburini, kwa sababu Koko hakupona kifua chake kamwe baada ya mvua ile, akafa kabla mwaka haujageuka, na hakuna toba iliyomfuta mvua mgongoni. Lakini lile nililolijibu mara ya pili silijutii, sikulijutia nilipokuwa kibarua wa kubeba mawe, wala miaka yote kabla sijarudishwa kundini, nilipokaa benchi la nyuma wakati wenzangu wakikaribia meza ya Bwana. Nilisema, "Hapana." Wakatangaza kwamba nimetengwa.

Nilipitia katikati ya mabenchi nikatoka nje. Jua lilikuwa kali, na mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Nailepo alikuwa ameketi juu ya gogo kando ya ukuta, maana wasiokuwa katika mafundisho ya ubatizo hawakuruhusiwa kuingia siku ya meza ya Bwana, naye alizoea kusikiliza nyimbo kutoka pale, akiwa na kiazi cha kuchoma mkononi.

"Wamekufukuza?" akaniuliza.

"Wamenitenga."

"Kutengwa ni nini?"

"Ni kukaa nje."

Akakimega kile kiazi, akanipa nusu yenye ganda zuri, kisha akasogea kwenye gogo ili nipate nafasi.